Chupa ya Gwakisa: Mwenye Pombe Huonja Kwanza

"Onja kwanza, shemeji."

Hayo ndiyo maneno ya Verediana yaliyoigandisha meza nzima Jumapili iliyopita, na hapo ndipo tulipomwacha Tumsifu: amesimama sebuleni kwake kule Blaine, ughaibuni, leso nyekundu kwenye mfuko wa koti, chupa ya marehemu mkononi, tabasamu limemkauka mdomoni.

Glasi za wageni wote zilikuwa zimeshamiminwa. Yake ilikuwa tupu.

"Shemeji Verediana," alisema, akichekea puani, "hapa si kilabuni. Huu ni mvinyo wa Mirandour. Una taratibu zake."

"Na sisi tuna zetu. Wewe ni mtu wa Machame, mimi ni wa Kibosho. Kwetu mwenye pombe huonja kwanza, ndipo mgeni anapokea. Au mama yako hakuwahi kukuandalia mbege?"

"Hata kwetu iko hivyo," Alice alidakia. Alice ni Mkenya, anafanya kazi wodi moja na Verediana. "Huwezi nipatia busaa kabla hujaonja. Nitajuaje hujaniwekea kitu?"

Mume wa Alice, Mzee Elkanah, ambaye ni mzee wa kanisa, alikuwa ameshainua glasi. Akairudisha mezani taratibu.

Kwa anayetufuata leo kwa mara ya kwanza, mambo yako hivi. Verediana ni muuguzi wa Eagan, mjane wa Gwakisa, Mnyakyusa wa Tukuyu aliyefariki mwaka jana kwa ugonjwa wa figo. Tumsifu alikuwa bestimani wao. Ndiye aliyesafiri na Gwakisa kwenda Ufaransa kutembelea shamba la mizabibu la Mirandour, na tangu arudi huko hajawahi kushuka kwenye ile ndege.

Gwakisa alirudi na chupa moja tu, ya mvinyo mwekundu ulio mkubwa kuliko yote ya shamba lile. Alimwambia mkewe: "Hii tutainywa siku Tulia anamaliza chuo. Wewe utapika ndizi nyama. Nami nitaonja kwanza." Akaihifadhi kwa Tumsifu, maana Tumsifu ana chumba cha baridi chini ya nyumba yake.

Kifo hakikungoja mahafali.

Siku hiyo ilikuwa kumbukumbu ya mwaka mmoja. Picha ya Gwakisa ilikuwa juu ya kabati, imezungushiwa maua. Verediana hakuwa amedai koti la marehemu wala saa yake; vitu hivyo vilichukuliwa na ndugu. Alichokitaka ni ile chupa. Alitaka kinywaji alichoahidiwa na mumewe kifike kwenye ulimi wake, ajue kilikuwa na ladha gani.

Na sasa aliyeshika chupa hataki kuonja.

"Mvinyo wa daraja hili haunywewi ukishamiminwa tu," Tumsifu alisema. "Lazima upumue kidogo. Tule kwanza ndizi. Kaeni, kaeni! Shemeji, kaa."

Verediana akakaa. Alikuwa amemvumilia mtu huyu tangu siku ya harusi yake. Angeweza kumvumilia kwa sahani moja zaidi.

Ndizi nyama alizipika yeye, nyumbani kwake Eagan, akazileta na sufuria lake limefungwa kwa kitambaa. Tumsifu alikuwa amezihamishia kwenye sahani nyeupe pana kama ungo. Kila mtu alipata vipande vitatu na nyama moja, na juu yake jani.

"Hili jani linaliwa?" Alice aliuliza.

"Ni pambo."

"Aki mimi nimedraivu kutoka Coon Rapids kwa hii barafu yote nije kuliwa na njaa mbele ya pambo? Ugali uko wapi? Nilileta ugali."

"Ugali nimeuacha jikoni. Ugali unaua mvinyo. Hauendani na ladha."

"Ugali haujaomba kuendana na mtu." Alice akaenda jikoni, akarudi na ugali wake, akaukata na kuanza kugawa.

"Na pilipili?" Mzee Elkanah aliuliza kwa unyenyekevu.

"Pilipili haigusi meza hii, Mzee. Mvinyo mwekundu una ukakasi, na pilipili inauchochea ukakasi mpaka kinywa kinawaka moto. Sikilizeni, hii ni elimu ya bure. Kuku wa kufungulia tulimla na mvinyo mchanga wa Mirandour, kwa sababu kuku ni mwepesi. Mbuzi wa kuchoma aliyefuata tulimla na ule wa mizabibu mizee, kwa sababu mafuta ya mbuzi yanalainisha ukakasi. Na ndizi nyama, yenye mchuzi mzito, ndiyo inayostahili ule mkubwa wenyewe. Mirrran-durrr."

Thaddée, mwanakwaya wa Bukavu, aliweka uma chini.

"Bon. Kaka, mimi Kifaransa nilikinywa na maziwa ya mama. Hilo jina, namna unalitaja, Mfaransa mwenyewe hatajua ni shamba ao ni dawa ya minyoo."

Meza ikacheka. Hata Tulia, binti wa marehemu, aliyekuwa amekaa kimya tangu mchana, aliachia tabasamu. Tulia anasikia Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza, na siku hiyo hata Kiingereza alikuwa amekibania.

Tumsifu hakucheka. Akachukua bakuli la kachumbari akalizungusha mwenyewe, kama anagawa dhahabu.

"Hii, angalau, mtaielewa. Hakuna ndimu humu. Nimetia siki nyekundu ya Mirandour, ya shamba lenyewe. Haiuzwi dukani, hata ukiwa na nini."

"Mimi natumia ndimu," Verediana alisema.

"Jaribu, shemeji. Usiwe mshamba."

Akamwekea kijiko kizima bila kungoja jibu. Verediana akaisukuma kachumbari ile kwa ncha ya uma hadi ukingoni mwa sahani, mbali na ndizi, kama mtu anayetenga mfupa wa mbwa. Alice, kwa upande wake, alionja, akanyamaza, akaongeza. Kisha akaongeza tena.

"Hii siki, Tumsifu, hii peke yake ndiyo umeweza leo," alisema mdomo umejaa.

Verediana akafuta midomo.

"Shemeji, mvinyo umeshapumua. Sasa hata sisi tumeshapumua. Onja."

Tumsifu akashika shavu.

"Ndilo nililotaka kuwaambia. Nina jino. Daktari amenipa dawa kali, na dawa hizo haziendani na kileo."

"Jino lipi?" aliuliza Verediana.

"La... huku nyuma."

"Lilianza kuuma baada ya kuku au baada ya mbuzi? Maana na kuku ulikunywa. Na mbuzi ukanywa, ukasema unasikia harufu ya ngozi ya farasi. Umewahi kumnusa farasi wapi, Tumsifu, Machame?"

Alice akapiga meza kwa kiganja, machozi ya kicheko yakimtoka.

Lakini Mzee Elkanah hakuwa anacheka. Aliisukuma glasi yake mbali kidogo. Thaddée akamwona, naye akaisukuma yake. Kicheko cha Alice kikaishia njiani. Ghafla kila mtu mezani aliitazama glasi yake kama inayoweza kumrukia.

"Mama Tulia," Alice alinong'ona, "kwani unafikiri kuna kitu humu?"

"Sifikirii kitu. Nataka mwenye kumimina anywe alichomimina."

"Sumu?" Tumsifu akapaza sauti. "Mimi niwawekee sumu? Ndani ya nyumba yangu? Mimi niliyebeba jeneza la Gwakisa?"

"Basi onja."

"Sionji! Siwezi kudhalilishwa hivi!" Akainyakua chupa. "Kama hamniamini, hakuna atakayekunywa. Naimwaga yote!"

Akaelekea jikoni kwa hatua ndefu. Shingo ya chupa ilikuwa imeshainama juu ya sinki mkono wa Verediana ulipomdaka kifundo cha mkono.

Huo mkono umegeuza wagonjwa wazito kuliko Tumsifu, miaka mingi, bila kuomba msaada. Chupa haikusogea tena.

"Hii si ya kwako kuimwaga," alisema kwa sauti ya chini. "Na umenikumbusha jambo. Nimekaa hapa nikikubembeleza mwenye pombe aonje. Mwenye pombe si wewe, Tumsifu. Wewe ulikuwa kabati tu. Mwenye pombe ni Gwakisa, na Gwakisa akiwa hayupo, mwenye pombe ni mimi."

Akarudi mezani na chupa. Akaiinua glasi yake.

"Usinywe, mama Tulia!" Alice alisema. "Tafadhali!"

Tulia alisimama nusu, uso umempauka, akasema neno moja la Kiingereza ambalo halikusikika vizuri.

Verediana alikuwa ameshafumba macho.

Gwakisa alimsimulia ladha ile mara nyingi kitandani, mgongo ukiwa unamuuma, usingizi umegoma. Si tamu, alisema. Inaushika ulimi kama zambarau ambayo haijaiva vizuri, unataka kuitema, halafu inaachia, na ikishaachia unaitaka tena. Mwaka mzima Verediana alikuwa akiingoja zambarau ile. Akanywa.

Ilikuwa sukari.

Sharubati nzito, ikateleza kooni bila kushika chochote, na nyuma yake kijoto kidogo cha kileo. Lakini Verediana hakuitema, kwa sababu aliijua. Ulimi wake uliijua kabla yeye hajaijua. Alishangaa magoti yake yakitaka kukunjwa.

Akafumbua macho. Akaisukuma glasi kwa Mzee Elkanah.

"Hakuna sumu, Mzee. Onja."

Mzee Elkanah akaomba kimoyomoyo, akanywa kidogo. Akameza. Akainamisha kichwa, macho yakafumba yenyewe, na kutoka kifuani mwake, kwa mazoea ya miaka arobaini, likatoka neno:

"Amina."

Kisha akafumbua macho kwa mshtuko, kama mtu aliyejisikia akikoroma ibadani.

Alice akachukua, akaonja. "Yesu wangu! Hii si ni ile ya Jumapili ya kwanza ya mwezi?"

Thaddée akaonja. "Ni yenyewe. Hakuna Mfaransa anaweka sukari namna hii. Hii ni divai ya Meza ya Bwana."

Wote pale ni washarika wa usharika mmoja wa Waswahili, wanaosali mchana katika kanisa la kuazima kule Saint Paul. Wote hupiga magoti kwenye reli moja ya madhabahuni, hunywa vikombe vidogo vya divai moja. Ukitaka kuwadanganya kwa kinywaji chochote duniani, hicho kimoja huwezi.

"Tumsifu," Mzee Elkanah alisema polepole, "ufunguo wa kabati la vyombo vitakatifu anao nani?"

Kila mtu alijua. Ufunguo ulikuwa unaning'inia kwenye mkufu wa funguo za gari la Tumsifu, mtunza vyombo wa kanisa, hapo hapo, kando ya bakuli la matunda.

"Haikuwa imebarikiwa bado!" Tumsifu alifoka. "Ilikuwa stoo tu!"

Ndipo Verediana alipoelewa lile jino. Kumbe mtu huyu alikuwa na hofu moja tu maishani. Kumdanganya mjane mbele ya picha ya mumewe hakukumnyima usingizi. Lakini kunywa divai ya madhabahuni juu ya mbuzi wa kuchoma, hilo lilimtetemesha; aliogopa radi. Wageni wanywe, wapigwe wao.

"Humu umetia divai ya Bwana ukatuletea kwa jina la mume wangu," Verediana alisema. "Chumba chako kimejaa chupa za Mirandour. Ulishindwa kutia hata hiyo ya kuku?"

Swali hilo lilimchoma. Tumsifu akavuta koti, akasimama wima, na kile alichokuwa amekificha chini ya ustaarabu wake siku zote kikatoka.

"Mlitaka nini? Nipoteze mvinyo wa kweli kwa watu wanaotia maziwa na sukari hata kwenye maji ya moto? Nyinyi mkipewa mvinyo mnakunja uso, mnauliza kama kuna soda! Huyu anaomba pilipili, huyu kaniletea ugali! Nikasema, niwatilie kitu ambacho vinywa vyao vinakijua."

"Ukatutilia kitu tunachokijua," Verediana alirudia taratibu, "halafu ukashangaa tumekijua."

Thaddée akaguna kwa furaha. Alice akasema, "Msumari!"

Verediana akamtazama kuanzia leso hadi viatu. Hakuwa na hasira. Hasira ni heshima fulani. Alimtazama kama anavyotazama doa kwenye shuka aliyotoka kuitandika.

"Sasa niambie. Ya kwake iko wapi?"

"Imekwisha."

"Uliinywa."

"Sikuinywa mimi."

"Nani, basi? Panya wa Blaine?"

Tumsifu akaitazama picha iliyo juu ya kabati, kisha akaangalia sakafu.

"Aliinywa mwenyewe. Gwakisa."

Sasa alicheka Verediana, kicheko kikavu cha dharau tupu.

"Umeshindwa kumsingizia aliye hai, unamsingizia maiti! Gwakisa figo zake zilikuwa zimekufa. Alikuwa akisafishwa damu. Hata maji nilimpimia kwa kikombe. Angekunywa mvinyo nikiwa wapi?"

"Kazini. Na ndiyo maana hakukuambia."

Kicheko kikakatika.

"Alikuja hapa mchana mmoja kabla hajalazwa mara ya mwisho," Tumsifu aliendelea haraka. "Alikaa kwenye kiti hicho ulichokalia. Alinifungisha kiapo. Nifanyeje? Ukaja kuniomba chupa ya kumbukumbu, na mimi nina chupa tupu ya pambo kwenye rafu. Nikaijaza, nikaifunga, nikaileta. Basi."

"Alikaa akanywa. Na nini?"

"Na ndizi nyama."

"Mwongo! Mgonjwa wa figo hali ndizi. Mimi ndiye niliyezifungia kabatini!"

"Alikula, Verediana. Kipande cha kwanza alikichovya kwenye mvinyo."

"Kila mtu aliyewahi kula na Gwakisa anajua alikuwa anachovya. Alichovya hata kwenye chai. Hujaniambia kitu."

"Cha pili akakiweka kando ya sahani, hakukigusa. Nikamwuliza, hicho cha nani? Akasema, 'Hicho cha Bwana Afya wangu.'"

Verediana akashika ukingo wa meza.

Bwana Afya. Ni jina la mkaguzi anayepita nyumba kwa nyumba kule nyumbani, akifunua masufuria na kuchungulia vyoo. Gwakisa alianza kumwita Verediana hivyo siku alipozifungia ndizi kabatini, akimtania, chumbani, mlango umefungwa. Hakuwahi kumwita hivyo mbele ya mtu. Hakuna aliyelijua jina lile duniani isipokuwa watu wawili, na mmoja amelala kaburini.

Basi ni kweli. Alikaa hapa. Alikula. Alikunywa. Na alimficha mkewe, kwa kuwa mkewe alikuwa amegeuka muuguzi hata mezani.

Halafu swali jingine likamjia, akainua kichwa.

"Nani alimpikia?"

Tumsifu akarekebisha leso mfukoni.

"Wewe yai likichemka unaita zimamoto. Nani alisimama kwenye jiko hili akampikia mume wangu ndizi nilizomkataza? Alice?"

"Usiniangalie mimi!" Alice akainua mikono. "Mimi ndizi naipika kama viazi, unajua, ulinicheka mwenyewe!"

Uma ukaanguka upande wa pili wa meza.

"Ni mimi, Mama."

Wote wakageuka. Si kwa alichokisema tu. Tulia alikuwa amekisema kwa Kiswahili.

"Mimi nilipika," binti alisema, akiyatafuta maneno moja moja, kama mtu anayevuka barafu asiyoiamini. "Baba aliomba. Alisema anataka kula chakula, hataki kula dawa tena. Alisema mahafali yangu, yeye hatafika. Nikamleta kwa gari. Nikapika hapa, kwa jiko la Anko. Alifurahi, Mama. Alikula polepole sana."

"Mkanywa bila mimi." Sauti ya Verediana ilikuwa nyembamba. "Chupa yetu. Mkaimaliza bila mimi."

"Hapana! Hatukumaliza." Tulia akafuta macho kwa mgongo wa mkono. "Baba aliacha yako. Alimimina kwa chupa ndogo, akafunga mwenyewe. Akasema, Bwana Afya asinyimwe. Anko akaweka chini, kwa chumba cha baridi. Mimi nilifikiri leo atakupa. Nimengoja kutoka mchana akupe."

Akamgeukia Tumsifu.

"Anko, chupa ndogo iko wapi?"

Msomaji, kama ungekuwepo ungemwonea huruma, au usingemwonea. Mwili mzima wa Tumsifu ulisinyaa ndani ya koti.

"Ilikuwa imeshaharibika," alisema. "Mvinyo ukishafunguliwa haudumu. Umekuwa mchachu. Hakuna mtu mwenye akili angeunywa. Ingekuwa ujinga kuutupa, na ubora ule..."

Hakumaliza. Jicho lake lilikuwa limemsaliti. Lilikwenda mara moja tu, haraka, hadi katikati ya meza, likarudi.

Lilikwenda kwenye bakuli la kachumbari.

"Siki ya shamba lenyewe," Thaddée alisema polepole. "Haiuzwi dukani."

Bakuli lilikuwa jeupe, limefutwa. Alice alikuwa na tonge la mwisho la ugali mkononi, lina wekundu pembeni. Akalitazama. Akaliweka chini kama kaa la moto.

"Mama Tulia," alisema. "Mimi sikujua. Nimekula yote. Aki sikujua."

Verediana hakumsikia. Alikuwa anaitazama sahani yake. Pale ukingoni, mbali na ndizi, pale alipoisukuma kwa dharau kama mfupa wa mbwa, kilikuwepo kijiko kimoja cha kachumbari, nyanya zimelegea, vitunguu vimegeuka waridi.

Akaivuta sahani karibu. Akachukua kipande cha ndizi kwa vidole, akakichovya kwenye ule mchuzi mdogo mwekundu uliotuama chini ya vitunguu, akaufuta wote.

Ilikuwa siki. Ilimkata taya mpaka machozi yakamlenga. Hapakuwa na muujiza wowote, mvinyo ulikuwa umekufa kama mwenyewe alivyokufa. Lakini alipoendelea kutafuna, chini kabisa ya ule uchachu, kitu kiliushika ulimi, kikakaza, kikataka atemee mbali. Halafu kikaachia.

Zambarau.

Akala kachumbari yote hadi punje ya mwisho ya kitunguu. Alipomaliza, aliilamba ncha ya kidole mbele ya watu, bila haya.

"Nimeonja," alisema.

Tulia alikuwa amezunguka meza, amepiga magoti kando ya kiti chake.

"Mama, Baba alisema ukishaonja nikuambie jambo moja. Alisema nisikuambie kabla. Nimelibeba mwaka mzima."

"Niambie."

Tulia hakumtazama mama yake. Alimtazama Tumsifu.

Na Tumsifu, aliyekuwa mweupe kama zile sahani zake, alikuwa ameshaanza kujongea pembeni. Mkono wake ulipapasa kando ya bakuli la matunda, ukakamata funguo za gari, ufunguo wa kabati la kanisa ukigongana na mingine. Mwenye nyumba alikuwa anaikimbia nyumba yake.

Verediana akainyanyua ile chupa. Akamimina divai kwenye glasi pekee iliyokuwa tupu, akaijaza hadi ukingoni, akaisukuma mbele ya kiti cha Tumsifu.

"Kaa chini, shemeji," alisema. "Bado hujaonja."

Itaendelea Jumapili ijayo.